Hasikii Tangu Utotoni

Mambo yalianza Jumatano, saa kumi na robo alasiri, Mwenyekiti wa mtaa alipofika kijiweni na bahasha kwapani, akaagiza kahawa kabla hajasalimia mtu. Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa duka la kutengeneza redio. Mguu wake mmoja ulishakatika, mahali pake pakawekwa matofali, kwa hiyo anayekaa upande huo huinuka taratibu asije akawamwaga wenzake. Mwenye duka ni Antena, anayeamini kwamba kila tatizo duniani ni la mawimbi. Pembeni yake hukaa Rufaa, karani mstaafu wa mahakama, ambaye hajawahi kukubali uamuzi wowote, hata wa mvua. Kahawa ni ya shangazi yangu, aliyetulea mimi na mdogo wangu, na jioni mimi humsaidia kuosha vikombe. Mdogo wangu ni kiziwi. Alikuwa amepata nafasi chuoni kusomea uchoraji wa ramani za majengo, na asipopata msaada wa ada kutoka kwenye bodi ya misaada ya wanafunzi, nafasi hiyo ingekwenda kwa mwingine. Hayo kila mtu benchini aliyajua. Kilichokuwa ndani ya bahasha ndicho hawakukijua.

— Imekuja kwenye sanduku langu la posta, Mwenyekiti akasema. Ni ya yule binti. Hebu tusomee wewe uliyesoma.

Nikaisoma kimya, kisha nikairudia, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani nimeruka mstari.

— Soma kwa sauti, Shangazi akasema. Hapa hatunywi kahawa kwa kubahatisha.

Nikasoma: "Ndugu Mwombaji. Ombi lako la msaada kupitia fungu la wanafunzi wenye ulemavu limesimamishwa. Barua ya Mwenyekiti wa mtaa wako inaeleza kuwa hasikii tangu utotoni, na kwamba walezi wamehangaika naye bila mafanikio. Bodi haitoi msaada kwa mwombaji mwenye matatizo ya nidhamu. Ili ufikiriwe upya, leta barua mpya ya Mwenyekiti inayothibitisha kuwa sasa unasikia. Mwisho ni Alhamisi, saa sita mchana."

— Alhamisi ipi? Antena akauliza.

— Kesho.

Shangazi akaliweka birika chini. Wote wakamgeukia Mwenyekiti, naye akageukia kikombe chake.

— Msinitazame hivyo. Niliandika hasikii. Kwani anasikia?

— Hasikii, nikasema.

— Walezi wake hawakuhangaika naye?

— Tulihangaika, Shangazi akasema. Hospitali zote tulizimaliza.

— Basi kosa langu liko wapi?

— Wewe uliandika hasikii ya masikio, Mwenyekiti, nikasema. Wao wamesoma hasikii ya utundu.

— Makubwa, Shangazi akasema. Mtoto ninayemtuma mara moja akaenda ndiye huyo. Asiyesikia ninaye hapa. Nimemwambia alete maji tangu saa tisa, bado ameshika makaratasi.

Sikwenda kuleta maji. Nilipiga simu kwenye namba iliyokuwa chini ya barua, nikaweka sauti kubwa ili wote wasikie. Sauti ikasema: dawati la nidhamu. Nikaeleza kwamba kuna cheti cha hospitali kilichobanwa nyuma ya ombi.

— Cheti cha hospitali kinasomwa na dawati la afya, sauti ikasema. Sisi hatufunui mambo ya afya ya watu, dada. Ni siri.

— Basi dawati la afya likisome.

— Litakisoma faili likitoka kwetu.

— Na kwenu litatoka lini?

— Akileta barua. Au apige simu yeye mwenyewe ajieleze.

— Hawezi kupiga simu.

— Unaona sasa? Ndiyo nidhamu yenyewe tunayoisema.

Simu ikakatwa. Rufaa akajikohoza kama mtu anayesubiri hakimu aingie.

— Kesi nyepesi hii. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sawa?

— Sawa, Antena akasema.

— Binti miguu yake ikoje?

— Mizima, nikasema.

— Yote miwili?

— Yote miwili.

— Basi. Angekuwa hasikii, guu lingekuwa limeshavunjika siku nyingi. Apigwe picha ya miguu, ipelekwe bodi kama kielelezo cha kwanza. Mahakama yoyote yenye akili itamwachia huru.

— Hajashtakiwa, nikasema.

— Ndiyo nguvu ya kesi yetu.

Antena alitikisa kichwa. Alimwona Rufaa kama mtu anayetafuta stesheni wakati redio haijachomekwa.

— Ninyi mnadhani barua hizo zinasomwa na watu. Ni mashine, bwana. Mashine ikiona hasikii inakohoa, ikiona anasikia inatabasamu. Mwenyekiti aandike tu sasa anasikia, apige muhuri, twende zetu nyumbani.

— Hiyo ni rahisi, Mwenyekiti akasema, na nikaiona kalamu inatoka mfukoni. Naweza kuandika hata sasa hivi.

— Ukiandika anasikia, nikasema, atatoka dawati la nidhamu ataingia dawati la afya. Kule watamuuliza, kama unasikia, unatafuta nini kwenye fungu la walemavu?

Kalamu ikasimama.

— Kwa hiyo asiposikia ni mkorofi, Shangazi akasema, na akisikia ni mwongo. Mtoto wa watu azaliwe upya sasa?

— Wala hatasema uongo, Antena akasema. Nitamfunga redio ndogo kiunoni, vidude viwili masikioni, aende navyo bodi. Mawimbi yatamfikia kama yanavyotufikia sisi. Kituo kinarusha, mwenzangu. Kwamba yeye hapokei, hilo la kwake na masikio yake. Masikio hayapiti kichwa.

— Hiyo methali haimaanishi hivyo, nikasema.

— Imeshawahi kukwambia inamaanisha nini?

Nilikaa kwenye upande wa matofali bila kukumbuka, benchi likainama, na kahawa ya Rufaa ikamwagikia goti lake. Akasema hatakata rufaa kwa sababu ya wakati. Saa kumi na moja ilikuwa imekaribia. Ofisi ya mtaa hufungwa saa kumi na moja, na muhuri haulali kijiweni.

Mwenyekiti aligeuza bahasha, akaanza kuandika mgongoni. Ana mwandiko mzuri, wa mtu aliyefundishwa kwa fimbo.

— Sikiliza hii. Mwombaji hana usikivu.

— Usikivu ni utii, Mwenyekiti, nikasema. Mwanafunzi msikivu ni yule anayetii walimu.

Akakata.

— Mwombaji ni mzito wa kusikia.

— Mkaidi, Rufaa akasema. Mimi ningemfunga.

Akakata.

— Sikio lake limekufa.

— Sikio la kufa halisikii dawa, Antena akadakia kwa furaha. Sasa hapo umemmaliza kabisa.

— Masikio yake yamepumzika.

— Mvivu, tukasema watatu kwa pamoja.

Akakata hiyo pia. Mgongo wa bahasha ukafanana na shamba lililopitiwa na ng'ombe. Nikaona niseme tu, ingawa nilijua si adabu kumfundisha kazi mtu wa umri wake.

— Andika kiziwi.

Mwenyekiti aliniangalia kama niliyemwambia avue kofia msibani apigie nzi.

— Mwanangu, hilo ni neno kavu.

— Ndilo neno lake.

— Mimi huyo binti nimemwona akitambaa. Leo nimwite kiziwi, tena kwenye karatasi yenye muhuri? Kiziwi ni neno la kutupiana barabarani, mtu akikukanyaga. Niliweka hasikii makusudi, ili nimhifadhi. Niliitafuta lugha ya heshima.

— Ni kweli, Rufaa akasema. Neno kama hilo ni la madai. Kashfa.

— Tena wao ndio wenye kosa, Antena akasema. Tumewaandikia, hawakusikia.

— Sawasawa, Rufaa akasema, na macho yakaanza kumng'aa. Bodi imeandikiwa, haikusikia. Kwa hiyo bodi haisikii. Asiyesikia anastahili msaada kwenye fungu la walemavu. Kwa hiyo bodi ijiombe msaada yenyewe. Ikijinyima, haina huruma; ikijipa, imekiri. Hapo sisi ndipo tunapoingia.

— Tunaingia wapi? Shangazi akauliza.

— Hilo wakili ndiye anayejua.

Hapo ndipo mdogo wangu alipotokea kwenye kona, akitoka kwa fundi cherehani anakofanya vibarua vya kudarizi, nyuzi za bluu zimemganda kwenye mkono wa blauzi. Nilikuwa nimeahidi kumfuata huko kwa fundi, nikapitiwa. Niliikunja barua harakaharaka. Nilitaka ije imfikie ikiwa imeshatatuliwa.

Antena alimwamkia kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Rufaa alimwamkia polepole, silabi moja moja, kama anayesoma hukumu. Mwenyekiti alifunika bahasha kwa kiganja. Mdogo wangu akawaitikia wote kwa kichwa, akampa Shangazi mkono, kisha akanigeukia na kunyoosha kiganja.

— Anasemaje? Mwenyekiti akauliza.

— Anasema barua ni yake.

Nikampa. Aliisoma akiwa amesimama, akafika mwisho, akarudi juu. Nilikuwa natafuta la kumwambia. Yeye akaketi katikati ya benchi, mahali ambapo hakuwahi kukaa, wanaume wakasogea. Akachukua bahasha kutoka chini ya kiganja cha Mwenyekiti, akaisoma nayo: hana usikivu, mzito wa kusikia, sikio limekufa, masikio yamepumzika. Kwenye masikio yamepumzika alicheka. Kicheko chake kina sauti, na Antena, anayemjua miaka yote hii, alishtuka.

Kisha akaanza kuzungumza kwa mikono, akimtazama Mwenyekiti, nami nikawa natafsiri.

— Anauliza kwa nini hukuandika kiziwi.

— Mwambie nilikuwa namsitiri.

Nikamwambia. Akafikiri.

— Anasema asante. Anauliza, ulikuwa unamsitiri na nani?

— Na... na watu. Mwambie neno lenyewe linauma.

Nikamwambia. Mikono yake ikaenda taratibu, wala hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningejua namna ya kumtuliza.

— Anasema yeye ni kiziwi tangu amezaliwa, na neno hilo halijamuuma hata siku moja. Anauliza, linamuuma nani?

Mwenyekiti akafungua mdomo. Akamtazama Rufaa, na Rufaa, aliyekuwa na jibu hata la mvua, alikuwa anafuta kahawa gotini. Antena aligeukia dukani kama vile kuna mteja ameita. Mdogo wangu alingoja, akiwatazama midomo mmoja baada ya mwingine, asije akapitwa na jibu.

— Linamuuma nani? Shangazi akarudia. Mmeulizwa.

Shangazi akainamisha birika juu ya kikombe cha Mwenyekiti, likatoa masimbi ya kahawa matupu.

— Muhuri uko ofisini, Mwenyekiti akasema hatimaye, akisimama. Na nimeshafunga. Mje kesho mapema.

Asubuhi iliyofuata tulimkuta ameshafungua, ufagio bado uko mlangoni. Aliandika bila kutuangalia: Mwombaji ni kiziwi. Ni mtu mwenye tabia njema. Kwenye neno la tatu kalamu yake ilikwenda taratibu kama mtu anayevuka daraja la mti mmoja. Alipiga muhuri mara mbili, kwa tahadhari.

Bodi ina dirisha la kioo lenye tundu dogo la kuzungumzia, na usiku kucha nilikuwa nimepanga sentensi za kusema kwenye tundu hilo. Nilizipanga vizuri, kuanzia dawati la nidhamu hadi dawati la afya, nikiacha nafasi ya kukatizwa. Zamu yetu ilipofika mdogo wangu alitangulia, akapitisha barua chini ya kioo, na mikono yake akaiweka juu ya kaunta. Karani aliisoma. Akafunua ombi, akafunua tena, akafika kwenye cheti cha hospitali kilichobanwa nyuma. Akanyanyua macho, akampita mdogo wangu begani, akaniona mimi.

— Wewe uliye naye, akasema. Njoo. Huyu anasomea nini, na ada yenyewe anaombea mwaka mmoja au yote?

Sentensi zangu zote zilikuwa tayari. Nilisogea hadi kwenye tundu, nikainama.

— Mwombaji ni huyo, nikasema. Mwandikie, atakujibu.

Kisha nikarudi nyuma, nikatafuta nafasi kwenye viti vya wanaosubiri, nikakaa.