Bi Oleta Maddox, Aliyesoma Maji Kikombeni

Ijumaa, 28 Machi 2025. Ukungu umelala juu ya Ziwa Tullahoka, upepo hakuna, na kipimajoto cha gatini kinaonyesha nyuzi arobaini na tisa za Farenhaiti. Leo Bi Oleta Maddox anastaafu, baada ya kulitumikia Duka la Chambo la Pruitt kwa miaka thelathini na saba na siku kumi na nne.

Aliajiriwa kuuza kahawa. Kabla mwezi wa pili haujaisha alihamishiwa kaunta ya ndoano, maana wavuvi walikuwa wakimuuliza yeye kwanza, kisha ndipo wanakwenda kumsikiliza mwenye duka kwa heshima tu.

Kila alfajiri, kabla ya kufungua mlango, alishuka gatini na kikombe cheupe, akachota maji na kuyatazama kwenye taa. Yakiwa maangavu, aliandika ubaoni: chambo cheupe. Yakiwa ya matope: cheusi chenye mkia wa kijani. Mwaka 1996, baada ya mvua kubwa, Bwana Pruitt alibisha, akaweka dau la pai nzima ya kokwa za pikani kwamba siku hiyo krapi, samaki wa ziwa letu, wangependa rangi ya waridi. Alirudi jioni mikono mitupu, pua imeungua jua. Bi Oleta alikula kipande cha kwanza mbele yake, akasema, “Pai umeiweza, Pruitt. Uvuvi tuachie sisi.”

Lakini mimi, mfanyakazi mwenzake, nikiulizwa kazi yake ilikuwa nini hasa, husimulia Jumamosi ya tarehe 6 Aprili 2019.

Asubuhi hiyo alikuja Bwana Hershel Tate, dereva mstaafu wa basi la shule. Kiharusi kilikuwa kimempata Novemba, na mkono wake wa kulia ulipanda hadi kifuani tu, tena polepole. Aliweka sanduku lake la zana juu ya kaunta, akataka tulinunue lote. Mkewe alikuwa amenidokeza kwa simu kwamba tangu kiharusi hakuwa ametaka kutoka nyumbani, na kwamba sanduku likiuzwa, hajui atamtoa kwa kitu gani tena.

Bi Oleta hakulifungua.

“Maji yakoje leo, Hershel?”

“Sijui. Sivui tena.”

“Basi na mimi sinunui kitu cha mtu asiyejua maji yakoje. Twende tukaangalie.”

Aligeuza kibao cha mlangoni kikasoma TUMEFUNGA. Jumamosi, saa mbili asubuhi, magari kumi na moja yakiwa uwanjani! Niliyahesabu.

Kikombe kilionyesha matope. Alichukua ufito wa kuvulia wa futi kumi, mwepesi kama bua, akafunga mshipi mwembamba wenye urefu uleule ili Hershel asihitaji kuzungusha chochote. Mwishoni akafunga chambo cheusi cha manyoya alichokisuka mwenyewe, kidogo kuliko punje ya hindi. Alikishusha kando ya visiki vya gatini futi tatu tu, ingawa kina ni futi saba, kwa sababu krapi hutazama juu na chambo kilicho chini yake hakioni. Kisha akamkabidhi Hershel ufito.

“Mkono huu hauwezi kuvuta, Oleta.”

“Ndiyo maana nimekuleta. Miaka ishirini umevuta kama unayeng'oa jino, ukanirarulia midomo ya samaki wote. Leo inua tu.”

Wavuvi waliokuwa wakisubiri mlangoni, ambao sasa walikuwa wametufuata gatini, walicheka. Hershel pia alicheka, nusu ya uso. Mdomo wa krapi ni mwembamba kama karatasi iliyolowa, na sote tulijua aliitwa Mrarua Midomo.

Dakika ishirini na sita zilipita. Kicheko kiliisha. Mshipi ulilegea kidogo, jambo ambalo mimi singelitambua, na Bi Oleta akasema kwa sauti ya chini, “Sasa.” Mkono ule ulipanda polepole, kwa kadiri ulivyoweza. Haukuwa na nguvu ya kumrarua samaki. Krapi alipanda nao, mpana kama sahani, madoa yake meusi yakimeta, hadi nilipomkinga kwa wavu. Ratili mbili na robo. Mzee mmoja nyuma yangu alivua kofia.

Hershel alimtazama samaki, kisha mkono wake, kwa muda mrefu. Halafu alikwenda kaunta, akalipakata sanduku lake kwa mkono wa kushoto.

“Kesho mnafungua saa ngapi?” aliuliza.

Bi Oleta, tangu 1988 Jumamosi zako zote za majira ya krapi zilikuwa zetu, na hukuwahi kuvua hata moja. Asante kwa zote. Kuanzia kesho ni zako. Tunakuombea afya, maji tulivu, na mkono usio na haraka.

Lurleen Biggs, mhudumu wa matangi ya vidagaa vya chambo