Nukta, Fundi wa Kunyoosha Picha

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Nukta, alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, mtoto wa tatu wa fundi saa na mshonaji. Shuleni alibadilishiwa dawati kila muhula kwa sababu hakukalika naye. Chuo cha ufundi aliingia kusomea umeme, akatoka ameshika kamera.

Studio yake ilikuwa juu ya duka la vioo. Alinyoosha video zilizopigwa kwa mkono uliotetemeka. Kwenye kompyuta alichagua nukta mbili juu ya kitu kisichosogea, programu ikazifuata fremu kwa fremu, yaani picha moja moja, na kupima picha ilivyozunguka. Kisha akaizungusha kinyume, kiasi kilekile, ikakaa sawa. Mwanzoni, kwa haraka zake, nukta moja aliitega kwenye hereni ya shangazi wa bibi harusi. Kila shangazi alipotikisa kichwa, ukumbi mzima ulilala upande.

“Kijana, ulitupiga picha au ulitupakia melini?” shangazi alimuuliza.

Tangu hapo aliwaambia wanafunzi wake, “Tafuta msumari ukutani. Msumari haucheki.”

Tarehe 16 Agosti 2003 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea. Video ilipigwa na binamu yake, aliyekuwa akicheza huku anarekodi. Nukta aliahidi kuinyoosha “wiki ijayo”, mwaka baada ya mwaka. Mganga hajigangi.

Juni mwaka jana alianza kupata kizunguzungu. Ulikuwa uvimbe kwenye ubongo, na daktari alimweleza kwamba angepoteza macho kabla ya nguvu. Siku hiyohiyo aliifungua video ya harusi yake.

“Pumzika, baba watoto,” mkewe alimwambia. “Ukumbi haukimbii.”

“Macho ndiyo yanayokimbia.”

Alitega nukta kwenye pembe mbili za dirisha, na harusi ikanyooka hadi dansi la mwisho. Hapo kamera iliacha dirisha, vikabaki vichwa vya watu. Alijaribu kichwa kimoja baada ya kingine, akainuka, akakaa, akajaribu tena.

“Hakuna hata mmoja aliyetulia!”

Mkewe alivuta kiti. “Tulikuwa tunacheza. Ulitaka nani atulie? Acha ipinde, baba watoto. Sakafu ilikuwa wapi tunajua sisi.”

Alicheka mpaka akashika meza. Wakaitazama yote, pamoja na ile sehemu iliyopinda.

Alifariki hospitalini tarehe 2 Februari mwaka huu, mkewe akiwa kando yake. Ameacha mjane, mabinti wawili, mama mzazi, dada wawili na binamu yule, ambaye leo ameombwa asishike kamera.

Apumzike sasa, fundi wetu, kwa amani.