Funda la Kwanza la Verediane

Karenzi alizaliwa ukimbizini Tanzania, akarudi na wazazi wake Gisenyi baada ya vita, na sasa alikuwa chuoni akisomea anthropolojia, elimu ya kuwaelewa watu kwa desturi zao. Jana, kwenye benchi la mtaani Nengo, Verediane, mjane muuza kahawa, alipiga funda moja kwenye kikombe cha Karenzi kabla ya kumpa, kama anavyomfanyia kila mteja. Karenzi akaomba kikombe kingine kisichoonjwa. Alipewa, ila tangu hapo mama wa watu hamtazami, na jambo hilo lilimkosesha kijana raha. Leo akawauliza wenyeji wa benchi: Donat, waliyemwita Prefe, yaani mkuu wa mkoa, kwa kupenda kuamrisha, na Kadiri, waliyemwita Redio kwa sababu hazimiki.

— Mzee Prefe, kwa nini anaonja?

— Bon. Kwetu mugeni ukimupa pombe, unaonja mbele, ajue haina sumu. Lakini ule anauzisha. Donc, anapima sukari.

— Sukari gani? Redio akadakia. Kule kambi ya wakimbizi Goma alikuwa anaonjea koloneli mukubwa chakula. Mudomo imezoea.

— Koloneli ya wapi? Prefe akamkatiza. Ule anafunga roho yako mu kikombe, kesho urudi. We unafikiri tunakuyaka hapa kila siku juu ya nini?

Redio akachungulia kahawa yake.

Karenzi alisikiliza yote kwa makini, kama alivyofundishwa, lakini hakuna lililomwingia.

Keza, mwalimu wa Nyundo aliyekuwa anavuka mpaka kwenda kwa dada yake Goma, alikuwa amekaa hapo kwa mara ya kwanza. Alipokea kikombe chake kilichoonjwa, akashukuru, akanywa. Kisha akauliza:

— Na yeye, nani anamuonjeaka?

Karenzi aliona aibu. Muda wote alikuwa anakitazama kikombe, hakumtazama mwenye kukishika. Hakuwahi kumwona mtu akimpa Verediane kitu cha kunywa.

Akasimama, akaomba kahawa. Verediane akaonja, akampa huku ameangalia pembeni. Karenzi akapiga funda palepale alipoweka midomo mama, kisha akamnyooshea kikombe kwa mikono miwili.

— Karibu, mama.

Verediane akakipokea.

— Ilikuwaka bwana yangu ananionjea, akasema.

Prefe na Redio wakasogea. Mama akaweka birika chini, akaketi katikati yao, akanywa polepole. Wateja wengine walifika, wakasubiri.