Begi la Buluu la Sixbert Lugembe

Jumamosi hii, tarehe 5 Julai 2025, kiungo wetu Sixbert Lugembe anatundika daluga baada ya miaka kumi na tisa ya kucheza mpira wa kulipwa. Ametumikia timu nane, na mbili kati ya hizo alizirudia. Sisi Miombo FC wa hapa Isevya ndio tuliokaa naye kuliko wote: miaka sita mfululizo. Hata hivyo, mimi mtunza vifaa niliandika jina lake kwenye daftari la jezi kwa penseli kila msimu. Wengine wote huwaandika kwa kalamu ya wino.

Sixbert ni mwana wa Kwihara, wa familia ya wakulima wa karanga. Alianzia Nzega, akaenda Shinyanga, Igunga, Singida, akarudi Igunga, na kadhalika mpaka unachoka kuhesabu. Hakuwahi kuhama kwa ugomvi. Kutulia tu ndiko kulikomshinda. Chakula cha timu hula amesimama. Mwalimu akizungumza wakati wa mapumziko, yeye huzunguka chumba kama mtu aliyepoteza funguo. Katika picha zote za timu zilizoko ofisini uso wake umetoka na ukungu. Hii ya jalada la kijitabu hiki cha mechi mtusamehe, ndiyo nzuri kuliko zote.

Na lile begi la buluu! Kila asubuhi ya mazoezi lilikuja limefungwa, nguo zake zote ndani, tayari kwa safari.

Wenye kumbukumbu hawasahau mwaka 2011, alipokata tiketi ya treni kwenda kusajiliwa Kigoma. Pale Kaliua mabehewa huachana, mengine hushika njia ya Mpanda. Sixbert alishuka kununua mahindi ya kuchemsha, akakuta vijana wanapiga danadana, akajiunga nao. Honi ilipolia alirukia behewa lililokuwa karibu. Alipouliza ziwa litaonekana saa ngapi, abiria walicheka mpaka wakamwonea huruma. Timu ya Mpanda ilikuwa haina kiungo wikiendi ile, akacheza, akakaa misimu miwili. Ukimuuliza leo, atakuambia alikuwa amepanga.

Mabao yake ni kumi na moja tu, mawili kati ya hayo langoni kwetu. Lakini msimu uliopita, tulipokuwa karibu kushuka daraja, alicheza dakika tisini za mechi ya mwisho akiwa na kiatu kimoja chake na kingine cha kipa, kwa sababu mimi nilikuwa nimepakia viatu viwili vya kushoto. Tulishinda moja bila, tukabaki. Hakunisema kwa mtu, na ndiyo maana leo najisema mwenyewe.

Anayemjua zaidi ni mkewe, Recheli. Mwaka 2013 walianza nyumba Kwihara. Kuta zilifika kwenye linta, Sixbert akasajiliwa kwingine, mafundi wakatawanyika. Miaka kumi na miwili mvua imenyeshea vyumba visivyo na paa, na Recheli ameishi kwenye chumba cha kupanga. Mwezi uliopita alinikuta sokoni akanieleza waziwazi: "Dada Amne, mvua za mwaka huu zitanikuta ndani ya nyumba yangu, awe kiungo asiwe kiungo."

Basi, wiki jana Kigoma wakapiga simu. Wanamtaka kwa nusu msimu tu. Ndiyo timu pekee kwenye reli hii ambayo hakuifikia, na mimi nilimwona akitembea huku na huko nyuma ya goli, simu mkononi, macho upande wa stesheni. Nakiri niliogopa. Nilikuwa nimeshaandika nusu ya wasifu huu, nikauweka kando siku tatu.

Kwetu mchezaji anayeondoka hurudisha jezi, nami hufuta jina lake daftarini. Jana asubuhi niliifuata jezi yake mwenyewe Kwihara, nikijiandaa kukuta kufuli. Nilimkuta Sixbert juu ya kenchi za paa, amevaa jezi yetu namba sita, nyundo mkononi, begi la buluu likining'inia shingoni. Lilikuwa limejaa misumari ya bati. Recheli alikuwa chini akimpitishia mabati. Simu ya mumewe iliita mara mbili kwenye mfuko wa aproni yake, naye akaendelea kuchagua bati.

Jezi sikuidai. Nilirudi ofisini nikaandika jina lake upya, kwa wino.

Kiungo wetu, asante kwa kila pasi na kwa kile kiatu cha kipa. Miombo FC inakutakia wewe na Recheli maisha mema chini ya paa lenu.

Amne Uwesu, Mtunza Vifaa