Mama Job Alivyoishtaki Sweta Yake

Tarehe 31 Julai, baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya maji hapa Ziwani, Bi. Everline Nalianya atavua koti jeupe na kustaafu. Sisi tunamwita Mama Job. Alianza kwa kupima maji ya mabomba tu. Anaondoka akiwa bingwa wetu wa kutafuta chembe za plastiki, zile ndogo zisizoonekana kwa macho, ndani ya konokono, minyoo na samaki wa mto unaopita karibu na jaa la Dandora.

Kufanya kazi chini yake si mchezo. Ukiingia maabara na mandazi mfukoni, atakutimua kabla hujafunga mlango. Amepasua matumbo ya kambare kwa maelfu, kisha saa saba mchana anakula dagaa wake wa omena bila wasiwasi wowote.

Miaka mitatu iliyopita tulipasua kambare arobaini, na kila mmoja alikuwa na nyuzi za plastiki za buluu tumboni. Kidole kikaelekezwa kwenye karakana ya kushona sare za buluu iliyo kando ya mto, yenye kina mama sitini. Ripoti ikaandikwa, mkutano wa wakazi ukaitishwa, na karakana ilikuwa ifungwe.

Sasa, kila tunapopasua samaki, huacha mezani sahani ya maji safi ili tujue hewa ya humu ndani imeangusha uchafu gani. Kuikagua ilikuwa kazi yangu. Mimi, Abdirizak Magan, niliandika "safi" siku zote bila kuichungulia, maana maji safi yana nini cha kutazamwa? Siku moja kabla ya mkutano, Mama Job akaiweka sahani ya mwisho chini ya hadubini. Lo! Nyuzi za buluu tele. Akanyofoa uzi kwenye sweta yake, ile ya sufu bandia, yaani plastiki, aliyojifumia kwa baridi ya Julai, akaulinganisha nazo. Ulikuwa ule ule.

Angenyamaza, nani angejua? Wapi! Alisimama mbele ya wakazi wa Dandora akasema nyuzi zile ni za sweta yake, kina mama wale waachwe washone. Wengine walimzomea, wengine wakacheka hadi machozi. Jina langu hakulitaja, siku hiyo wala baadaye. Nilijificha chooni nikalia, na sioni haya kulisema.

Tulirudia kila kitu kwa miezi minane, tumevaa pamba tupu, meno yakigongana. Nyuzi zikatoweka. Vilivyobaki ni vipande vya mifuko na magunia, katika matumbo yenye vidonda ya samaki waliokonda. Tulipopeleka ripoti hiyo ya pili, wakazi walisimama wakauliza jambo moja tu: Mama Job ameisaini? Waliposikia ndiyo, wakaketi.

Asante, Mama Job. Nyumba yako ya Buruburu ikupe usingizi mnono, kuku wako watage, na wajukuu wakuchoshe kwa furaha tu. Kuanzia Agosti wakazi watauliza tena kama umesaini, nasi tutajibu kwamba umestaafu, kisha tungoje tuone kama wataketi.