Bi. Genoveva Mbena na Kanga Iliyokatwa Jina

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuweka picha za watu ndani ya fremu, Bi. Genoveva Mbena anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Alianza kazi hapa Karakana ya Pembe Nne, Manzese, mwaka 1994, na wengi wenu mnamjua kama Mama Mkasi. Jina hilo si haki yake. Kwa kuwa nimepewa mimi, Lusungu, kuandika wasifu huu, sitamwacha aondoke nalo.

Aliajiriwa kufagia na kufuta vioo. Mwaka wa pili Mzee Mudathir, mwenye karakana, alimkuta anagonga mbao kwa kidole na kusikiliza, akampa msumeno. Tangu hapo hakuna mbao iliyoingia bila kupita mikononi mwake. Mninga ulikuwa wa picha kubwa zenye kioo kizito. Paini ilikuwa ya vyeti, nayo ilikaa kwanza ndani wiki tatu, maana paini mbichi kwa unyevu wa Dar hupinda kona zikaachana. Picha haikuruhusiwa kugusa kioo. Aliweka ukingo wa karatasi nene katikati, kwa sababu joto letu huifanya picha inate, na ukija kuibandua, uso wa marehemu unabaki kwenye kioo. Selotepu kwake ilikuwa haramu, na yeye ni Mkatoliki wa Matombo.

Wateja walimpenda kwa ubishi wake. Mtu akitaka fremu ya rangi ya dhahabu yenye maua kwa picha ya kipaimara, alimwambia waziwazi kwamba wageni wataitazama fremu na mtoto hawatamwona. Wengi waliondoka na fremu nyembamba ya kahawia, wamenuna, kisha wakarudi na picha nyingine tatu. Nazikumbuka sana asubuhi zile, chai ya saa nne na viazi vitamu juu ya meza yenye vumbi la mbao, yeye akisimulia na sisi tukicheka hadi Mzee akohoe.

Sasa nije kwenye kanga. Mwaka 2006 Bi Somoe wa Temeke alituletea kanga ya marehemu mama yake, ile aliyomnunulia kwa mshahara wake wa kwanza. Mama Geno alipokea oda na kuandika maneno mawili: "Jina lionekane." Kesho yake akaenda msibani, kazi ikaniangukia mimi. Nilikuwa na miezi miwili tu tangu niache kubeba mizigo Kurasini.

Kila mwanamke wa Pwani anajua kwamba jina la kanga ni maandishi yake. Mimi mwanaume wa Tukuyu nilidhani ni jina la marehemu. Nikampigia simu Bi Somoe kuuliza mama yake aliitwa nani, akanijibu bila kushuku. Kanga ilikuwa imezidi kioo, basi nikashika mkasi, nikakata pindo la chini pamoja na maandishi, kisha nikachonga kibao kizuri chenye jina la mama wa watu. Nilijipongeza kabisa.

Mama Geno aliporudi aliketi chini. Nilimshauri tubandike lile pindo kwa gundi, nyuma ya kioo nani ataona? Alikataa. Mzee alikuwa ameapa kumfukuza atakayeharibu kitu cha mteja, na Mama Geno alijua nina watoto wawili. Alikunja vile vipande kwenye kitambaa safi, tukaenda Temeke pamoja.

"Mie ndo nimekosea, dada yangu," alisema. "Naomba unisamehe."

Nilisimama mlangoni, nikanyamaza. Bi Somoe alilia. "Lile jina ndo mama mwenyewe," alisema. "Nyie mmenikatia mama."

Alilia mpaka akachoka, kisha akaomba sindano. Wanawake wale wawili walishona hadi alasiri, na mshono unaonekana mpaka leo. Mama Geno aliitengenezea kanga ile fremu ya mninga yenye ubao wa nyuma unaofungwa kwa skrubu ndogo, bila gundi, ili kila Idd Bi Somoe aitoe na kujitanda. Tangu siku hiyo hapa hatukati kitambaa cha mteja, tunakishikiza kwa uzi, na kila tunachofunga kinaweza kufunguliwa. Sifa hiyo ndiyo inayotuletea wateja hadi kutoka Kiwalani.

Mzee hakumfukuza, ila alimrudisha kufuta vioo kwa miezi sita. Ndipo utani wa Mama Mkasi ulipoanza. Aliucheka pamoja nanyi kwa miaka kumi na tisa, na hata siku moja hakunitupia jicho la lawama. Watoto wangu wamesoma kwa kazi hii. Nilipaswa kusema siku ileile, na ninaona aibu kwamba nimesubiri hadi anaaga.

Mama Geno, karakana nzima inakushukuru. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na miaka mingi ya raha huko Matombo. Na nyinyi wenzangu, kuanzia Jumatatu mkitaka kumwita mtu Mkasi, nipo meza ya pili, nitaitika.