Mwokaji Aliyesusa Mkate

Kwenye treni nilikaa mkabala na bwana mmoja mwenye unga hadi kwenye nyusi, akimsimulia nesi aliyevaa sare. Hawakuwa wanajuana, ila kituo kimoja kilitosha kuwafanya ndugu.

"Binti yangu amekutwa na ugonjwa wa siliaki, sista. Tumbo lake halipatani kabisa na ngano, na babake mwokaji! Sasa hospitali wananiita eti na mimi nikapimwe. Mimi, tumbo chuma!"

"Wazazi na ndugu wa damu hupimwa hata kama hawaumwi, baba. Ni damu kidogo tu."

"Basi leo nafaulu. Mwezi mzima sijagusa mkate."

Ungedhani ni mtihani wa darasani. Nesi akashika kichwa. "Ukiacha ngano, kipimo cha damu kinaweza kisiuone ugonjwa! Rudi ule mkate kila siku, wiki kadhaa, ndipo upimwe."

"Nile, halafu niambiwe nisile tena? Nitaokaje mkate nisioweza kuuonja?"

"Bora ujue, baba. Tumbo huharibika kimyakimya."

Treni ikasimama kituo cha hospitali. Nesi akashuka peke yake. Mwokaji akafungua mfuko, akamega mkate, akautafuna taratibu, macho kayafumba. Hadi leo sijui alikuwa anajiandaa kupimwa au anauaga mkate.